Gunia, lumbesa na Eksel: mafunzo ya data kwa mwandishi aliyekwisha kubobea

Jedwali lilikuwa na safu tatu tu: mkoa, idadi ya watu mwaka 2012, idadi ya watu mwaka 2022. Tulikuwa watu kumi na mmoja kwenye ukumbi wa kukodi pale Mbeya mjini, Jumamosi asubuhi, kila mtu na laptopu yake au ya kuazima. Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi: tafuta mkoa wenye stori.

Kijana mmoja mwenye shahada ya kompyuta, aliyekuja kumsaidia mwalimu, alitutangulia wote. Alishatoa, akapanga, akapaka rangi nyekundu. Mbeya mwaka 2012 ilikuwa na watu 2,707,410. Mwaka 2022 ikawa na watu 2,343,754. Wamepungua 363,656. "Kichwa cha habari hiki hapa," akasema. "Mbeya yakimbiwa."

Nyuma kabisa alikaa mama mmoja mtangazaji wa redio, mwenye miaka zaidi ya ishirini kazini, aliyepanda Koasta alfajiri kutoka Vwawa. Akaguna. "Sasa sisi wa Vwawa mmetuzika wapi, mwanangu?"

Ukumbi mzima ukacheka, kijana naye akacheka, ingawa alichelewa kidogo. Mwaka 2016 mkoa wa Songwe, ambao Vwawa ndiyo makao yake makuu, ulimegwa kutoka Mbeya. Sensa ya 2012 iliihesabu mikoa hiyo miwili ikiwa mmoja, sensa ya 2022 ikaitenganisha. Ukirudisha watu 1,344,687 wa Songwe kwenye hesabu, unapata 3,688,441. Hakuna aliyekimbia. Wameongezeka karibu milioni moja, sawa na asilimia 36 hivi, mwendo unaokaribiana na ule wa taifa zima. Eksel haikukosea hata kidogo. Ilitoa ilichoambiwa itoe.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi kwa sababu lina jibu la swali ambalo wenzangu wengi katika vyumba vya habari huniuliza, tena kwa sauti ya chini: mimi nina miaka kumi na tano kazini, nimeripoti chaguzi, bajeti na maafa, leo niende darasani kujifunza kompyuta na watoto? Na nikienda, kazi nitamwachia nani?

Kwanza neno lenyewe, maana hapa ndipo wengi hujikwaa. Mtaani "data" ni bando. Ukimwambia mwandishi wa mkoani kwamba kuna mafunzo ya data, anaweza kudhani mtamgawia intaneti. Wengine husema "uandishi wa habari za takwimu", nao msemo huo una kasoro yake, kwa kuwa unasikika kama kazi ya kuripoti mkutano wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Huo tumeufanya miaka yote: mfumuko wa bei umefikia kiasi fulani, kasema mkurugenzi, tukafunga ukurasa. Ninachozungumzia hapa ni kuichukua orodha yenyewe, iwe ya shule, ya matumizi ya halmashauri au ya wagonjwa wa kituo cha afya, na kuihoji kama unavyomhoji mkuu wa wilaya. Nani kakuandika? Lini? Umeacha nini? Mbona unapingana na mwenzako wa mwaka jana? Data ni chanzo cha habari kama vyanzo vingine. Nayo hudanganya, husahau, na mara nyingine hulishwa maneno.

Kazi hii si ya jana. Julai 1967, ghasia zilipolipuka Detroit, Marekani, kulikuwa na maelezo mawili mepesi yaliyozunguka: kwamba waliofanya fujo ni wale walioshindwa shule, au ni wahamiaji wa Kusini walioshindwa kuzoea maisha ya mji. Philip Meyer, ripota mzoefu wa kampuni ya magazeti ya Knight, alikuwa ametoka tu kumaliza mwaka mzima Harvard akijifunza mbinu za utafiti wa sayansi ya jamii. Akajiunga na wenzake wa Detroit Free Press, wakapanga dodoso, wakahoji wakazi 437 wa maeneo yale, wakayachambua majibu kwa kompyuta. Waliofika chuo walishiriki sawa na walioacha sekondari. Waliokulia Kaskazini walishiriki zaidi ya waliokuja kutoka Kusini. Maelezo yote mawili yakaanguka.

Watu humtaja Meyer kama baba wa kazi hii kwa sababu ya kompyuta. Mimi hunivutia umri wake wa kazi. Hakuwa mwanafunzi aliyetafuta pa kuanzia. Alikuwa ripota aliyejua maswali gani yanaudhi, akaenda kuchukua chombo cha kuyauliza vizuri zaidi. Ila alipewa mwaka mzima wa mapumziko kufanya hivyo. Wewe na mimi, na mhariri wa zamu anayepiga simu saa kumi na mbili asubuhi, mwaka huo tutautoa wapi?

Ndiyo maana yakabuniwa mafunzo ya muda wa ziada, yanayoendeshwa huku mtu akiendelea na ajira yake. Sura zake ni nyingi, lakini mengi hufanana: Jumamosi moja au mbili kwa mwezi ana kwa ana, jioni moja kwa wiki mtandaoni, miezi mitatu hadi mwaka, na mwisho kila mshiriki atoe kazi moja iliyochapishwa au kurushwa kweli. Tofauti yake na semina ya hotelini ya siku tatu ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye tangazo.

Semina tunazijua. Siku ya kwanza ni utambulisho na mgeni rasmi. Siku ya pili mnafundishwa programu sita kwa pupa, Tabula, OpenRefine, Datawrapper, na nyingine ambazo majina yake yameshanitoka. Siku ya tatu ni cheti, picha ya pamoja na posho. Jumatatu ukirudi mezani unakutana na mkutano wa waziri, na baada ya wiki mbili hukumbuki hata nywila ya akaunti uliyofungua. Sidharau semina, nimezila sana. Lakini kuna jambo moja zisiloweza kulifanya hata zikiwa na mwalimu bora kuliko wote, nalo ni kusubiri.

Chukua sheria. Tanzania Bara ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Kenya nayo ilitunga yake mwaka huohuo, ikiegemea ibara ya 35 ya Katiba ya 2010. Ukiandika barua kuomba taarifa, Kenya ofisi ina siku 21 za kukujibu, Tanzania ina siku 30. Sasa semina ya siku tatu itakufundishaje kuomba taarifa? Itakuonyesha fomu. Haitakuwepo siku ya 12 utakapopigiwa simu ya "hebu njoo ofisini tuongee", wala siku ya 31 utakapotakiwa kukata rufaa. Katika mafunzo ya miezi sita barua inaandikwa Jumamosi ya kwanza, inagongwa muhuri wa kupokelewa Jumatatu, na kila mnapokutana mnaulizana imefika wapi. Kwangu hilo peke yake linatosha kuchagua muda mrefu.

Sehemu nyingine inayodai muda ni usafi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu matangazo ya mafunzo huonyesha ramani za rangi na michoro inayocheza, ilhali kazi halisi, sehemu yake kubwa, ni kufagia.

Mwenzetu mmoja, mwandishi wa redio kwa miaka mingi, alikuja na daftari. Kila wiki kwa muda mrefu alikuwa akiandika bei za sokoni kwa ajili ya taarifa ya asubuhi: mahindi, maharage, mchele, viazi mviringo. Hakuwahi kudhani kwamba hiyo ni data. Mwalimu alipoliona daftari aliliinua juu kama mchungaji na Biblia. Tukaanza kuliingiza kwenye jedwali, na hapo ndipo mahindi yakaanza kutusumbua. Mahali pengine bei ni ya debe, pengine ya gunia. "Maharage" ukurasa huu ni "maharagwe" ukurasa ule, na kompyuta inaona mazao mawili. Tarehe nyingine zimeanza na mwezi, nyingine na siku, kwa hiyo Machi 4 na Aprili 3 zimekaa kitanda kimoja.

Halafu viazi. Bei ya gunia ilipanda ghafla katika msimu fulani, na mstari kwenye mchoro ukaruka kama kangaroo. Kijana wa kompyuta akauliza kama kulikuwa na ukame. Mwenye daftari akakuna kichwa, akafungua kurasa, akasema hapana, msimu ule wakulima wa upande ule walikuwa wamebanwa kuhusu lumbesa. Asiyelijua neno hilo alijue: lumbesa ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likashonewa kilemba juu kwa kamba, mkulima auze mzigo wa gunia moja na nusu kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza na Wakala wa Vipimo huikamata, lakini hurudi. Kwa hiyo "gunia" la daftari halikuwa kipimo kimoja. Msimu mmoja lilikuwa na kilemba, msimu mwingine halikuwa nacho. Ilibidi kuongeza safu nyingine, *aina ya gunia*, na kumpigia simu dalali mmoja mzee sokoni kujaza kumbukumbu zilizokosekana. Zilituchukua Jumamosi nne.

Hakuna programu itakayokufundisha lumbesa. Na hakuna uzoefu wa lumbesa utakaokusaidia kama bei zimebaki daftarini. Mafunzo ya watu waliobobea yanapofanya kazi, yanafanya kazi kwenye kile kiungo hapo katikati.

Hesabu yenyewe, kwa waliokimbia somo hilo kidato cha pili, si kubwa. Ukijua asilimia, wastani, thamani ya kati, uwiano kwa kila watu elfu, na namna ya kulinganisha miaka miwili, umemaliza sehemu kubwa ya safari. Ugumu upo kwenye maneno. Wakazi wa mijini Tanzania walikuwa asilimia 29.6 mwaka 2012 na asilimia 34.9 mwaka 2022. Andika "wameongezeka kwa asilimia 5.3" na utakuwa umekosea: hisa yao imepanda kwa *pointi za asilimia* 5.3, na ukiipima kwa asilimia, imepanda kwa takriban 18. Kiswahili chetu cha magazetini hakijazoea kutenganisha mambo hayo mawili, nasi wahariri tumeyapitisha mamia ya mara. Mimi mwenyewe nimeyapitisha.

Turudi kwenye sensa, maana bado ina utamu. Uliza chumba chochote cha habari ni mkoa gani umeongeza watu wengi zaidi kuliko Geita kati ya sensa mbili, na wa kwanza kutajwa ni Dar es Salaam. Dar ilitoka watu 4,364,541 ikafika 5,383,728, nyongeza ya milioni moja na ushee. Geita ilitoka 1,739,530 ikafika 2,977,608, nyongeza ya zaidi ya milioni moja na laki mbili. Geita, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwenyewe, umeongeza watu wengi kuliko Dar, na kwa kasi ya asilimia 5.4 kwa mwaka dhidi ya 2.1 ya Dar na 3.2 ya taifa. Takwimu hizo ziko wazi kwa kila mtu. Kinachobaki ni mtu wa kupanda basi kwenda kuhesabu madarasa, visima na wakunga. Jedwali linakupa anuani tu. Mlango unaugonga mwenyewe.

Anayedhani kwamba wingi wa data unatosha aikumbuke Kenya ya Agosti 2022. Wapiga kura walipiga kura tarehe 9, na tume ya uchaguzi, IEBC, ikaweka hadharani fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za kila kituo, kutoka vituo 46,229, kila mwenye simu azifungue. Uwazi wa kiwango hicho tulikuwa tukiulilia miaka mingi. Vituo vikubwa vya televisheni vikaajiri watu wa kuingiza takwimu, kwa kuwa fomu zilikuwa picha na lazima mtu azisome na kuziandika, kisha vikaanza kujumlisha moja kwa moja hewani. Saa ileile, ukibadilisha chaneli, anayeongoza anabadilika. Hapakuhitajika njama. Kila kituo kilianza na fomu tofauti, na ukianza na ngome ya mgombea fulani lazima aongoze. Baada ya siku chache kujumlisha huko kukapoa, mahali pengine kukakoma kabla ya kumalizika, watazamaji wamebaki na wasiwasi. Tarehe 15 mwenyekiti wa tume akamtangaza William Ruto kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga.

Kilichokosekana pale hakikuwa kompyuta. Palihitajika mtu mzima wa kusema: kabla ya kuonyesha jumla, onyesheni ni sehemu gani za nchi zimeshaingia na zipi bado. Sentensi moja hiyo ingewatuliza watazamaji. Anayeweza kuitamka na kusikilizwa chumbani ni mhariri mwenye chaguzi nne au tano kichwani, ambaye pia anaelewa maana ya sampuli iliyoelemea upande mmoja. Hizo sifa mbili ni nadra kukutana kwa mtu mmoja, na ndiyo sababu nasisitiza kuwafundisha wakongwe, si kuajiri vijana wa kompyuta peke yao na kuwafungia kwenye kona.

Kuna aibu pia, tuiseme. Katika darasa letu vijana waliwaamkia wakubwa shikamoo mlangoni, kisha dakika kumi baadaye ikabidi wawaambie fomula yao ina makosa. Mhariri mwenzangu, mtu wa kuogopwa katika kikao cha asubuhi, alikaa wiki tatu bila kuuliza swali hata moja. Baadaye alikiri kwamba hakujua kunakili seli kwenda chini na aliona haya kuuliza mbele ya ripota wake. Mwalimu mwerevu huwapanga wawili wawili, mkongwe na kijana, na kumpa mkongwe kazi ya kuuliza maswali huku kijana akishika kipanya. Baada ya mwezi wanabadilishana. Darasa linalochanganya ripota na bosi wake wa moja kwa moja, mimi ningelikimbia.

Upande wa sheria unahitaji kujulikana bila kutishwa nao. Tanzania ilibadilisha Sheria ya Takwimu mwaka 2018 na kufanya kuchapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi kuwa kosa la jinai. Benki ya Dunia ilionyesha wasiwasi waziwazi, na mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena na kosa hilo likaondolewa. Wengi waliohudhuria mafunzo kipindi kile bado wana kovu la woga, wanadhani kujumlisha safu mbili ni jinai. Wakati huohuo sheria mpya za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinamtaka mwandishi ajue cha kuficha kabla hajaweka jedwali la wagonjwa hadharani. Mafunzo yasiyogusa hayo yana pengo.

Sasa fedha, na kinachotokea baada ya cheti. Ada si gharama yote. Kuna bando la vipindi vya jioni, nauli za Jumamosi, na kwa mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa stori, kila Jumamosi darasani ni stori ambayo haikuuzwa. Mafunzo yanayojali huwalipia hao nauli na kuwaacha walioajiriwa wabebwe na waajiri wao. Kabla hujajiandikisha, muulize mwalimu ni lini mara ya mwisho yeye mwenyewe alichapisha stori ya data, kisha muulize mhariri wako, kwa maandishi, kama atakupa siku mbili kwa mwezi za kuifanya kazi utakayojifunza. Wa pili akikwepa, fikiri tena. Nimeona watu wakirudi na ujuzi safi kwenye chumba kinachodai stori tatu kwa siku, na baada ya mwaka wameshahamia kuandika ripoti za mashirika. Siwalaumu, mishahara tunaijua.

Uandishi wa programu, R na Python na jamaa zake, nitaupita haraka. Ni mzuri, utakufaa ukipata faili lenye mistari laki tano. Ukiambiwa uanze nao wiki ya kwanza, tafuta darasa jingine.

Mama wa Vwawa alimaliza. Barua yake kwa halmashauri, aliyokuwa ameomba orodha ya visima vilivyochimbwa na vinavyotoa maji, ilijibiwa siku ya 26: kurasa tisa zilizopigwa picha kwa simu, mbili zikiwa zimepinda. Jumamosi ya mwisho alikuja nazo amezichapisha, ameshaziwekea alama kwa kalamu nyekundu pembeni mwa visima saba. Vilikuwa vimeandikwa "vinafanya kazi". Viwili kati yake alikwisha kuvipita njiani akija darasani, akamwomba dereva wa Koasta asimame dakika mbili apige picha ya mpini uliong'olewa.